Jaramogi na wawaniaji udiwani 1,800 waliofungiwa nje ya debe

MWEZI wa Agosti mwaka wa 1968, chama cha upinzani cha Kenya People's Union (KPU) kiliwasilisha majina ya watu wapatao 1,800 waliotaka kuwania udiwani katika mabaraza ya miji na wilaya kote nchini. Hakuna hata mmoja wao aliyefika kwenye debe.

Maafisa wasimamizi wa uchaguzi walisema fomu zao za uteuzi hazikuwa zimejazwa ipasavyo. Fomu za wawaniaji wa chama tawala cha Kanu, ambao idadi yao ilikaribiana na hiyo, zilipokelewa zote bila dosari. Kwa hivyo matokeo yalijulikana kabla ya kura kupigwa, na katika wilaya za Nyanza, ambako KPU ilikuwa na mizizi yake mikuu, wananchi walipata madiwani ambao wengi wao wasingewachagua lau wangepewa nafasi.

Kiongozi wa chama hicho kilichofungiwa nje alikuwa Jaramogi Ajuma Oginga Odinga, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya. Wakenya wengi humkumbuka kwa kofia yake ya shanga, usinga mkononi, na ugomvi wake na Mzee Jomo Kenyatta. Ni wachache wanaokumbuka kwamba safari yake ya kisiasa ilianzia katika baraza la wilaya, na kwamba ni katika mabaraza hayo ambako chama chake kilivunjwa mgongo, mwaka mzima kabla ya risasi za Kisumu.

Jaramogi alizaliwa mwaka wa 1911 au karibu na hapo katika kijiji cha Nyamira Kang'o, eneo la Sakwa, Bondo, si mbali na Ziwa Victoria. Wakati huo wazazi wengi hawakuandika tarehe za kuzaliwa kwa watoto. Alipobatizwa alipewa majina ya Obadiah Adonijah, ambayo baadaye aliyatupilia mbali na kubaki na yale ya ukoo wake.

Alianza masomo huko Maranda, akaendelea hadi Maseno, kisha Alliance High School kule Kikuyu na hatimaye Chuo cha Makerere nchini Uganda. Kwa kijana wa kijijini wa miaka ya 1930 hiyo ilikuwa ngazi ndefu, na kila aliyeipanda alitarajiwa kuwa mwalimu, mtiifu kwa misheni na mpole kwa serikali.

Alikuwa mwalimu kweli. Alifundisha Maseno, na baadaye akawa mkuu wa shule ya mafunzo ya mifugo katika eneo hilo hilo. Lakini upole haukuwa sehemu ya hulka yake. Alizozana na wakuu wa kanisa kwa kusisitiza kuwa watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kiafrika. Kwa wamishenari hilo lilikuwa jambo dogo lililopaswa kumalizwa kwa amri, lakini kwake lilihusu utu wa mtu mweusi, wala hakurudi nyuma.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliacha kazi ya ualimu na kuingia katika biashara. Mwaka wa 1947 alikuwa kiongozi wa kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation, ambayo mtaji wake ulichangwa na watu wa kawaida, hisa baada ya hisa. Alizunguka vijijini na mijini akiwashawishi wakulima, walimu na vibarua wa reli watoe akiba zao ili Mwafrika naye amiliki duka, jengo na mtambo wa kuchapisha.

Si kila mradi wa kampuni hiyo ulifanikiwa, na waliotarajia faida ya haraka walivunjika moyo. Faida kubwa zaidi ilikuwa nyingine. Kwa kuuza hisa hizo Jaramogi alizifahamu njia zote za Nyanza ya Kati, akajua nani ni nani katika kila kata, na watu wakamjua. Miaka michache baadaye mtandao huo ndio uliokuwa jeshi lake la kampeni.

Wakati huo huo aliingia katika baraza la kata ya Sakwa na lile la wilaya ya Nyanza ya Kati. Hapa yafaa kueleza mabaraza hayo yalikuwa nini, kwa sababu vijana waliozaliwa baada ya katiba ya 2010 hawajawahi kuona diwani.

Serikali ya kikoloni iliweka sheria ya kuunda Mabaraza ya Wenyeji mwaka wa 1924, na ya kwanza yakaanza kukutana mwaka uliofuata. Nia yake haikuwa kumpa Mwafrika madaraka. Baada ya ghasia za Harry Thuku mjini Nairobi mwaka wa 1922 na mikutano ya Piny Owacho huko Nyanza, serikali ilitafuta mahali ambapo manung'uniko yangetolewa mbele ya afisa wake badala ya kutolewa chini ya miti. Mwaka wa 1950 mabaraza hayo yalipewa jina jipya la Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mkuu wa Wilaya, Mzungu. Baadhi ya wajumbe waliteuliwa na serikali na wengine walipendekezwa na wananchi. Baraza liliweza kutoza ushuru wake mdogo na kuamua fedha hizo zijenge shule, zahanati, daraja au soko, ila maamuzi yake hayakuwa na nguvu hadi serikali iyaidhinishe.

Pamoja na upungufu huo wote, hapo ndipo Mwafrika wa kwanza vijijini alipojifunza kusimama na kuuliza fedha za ushuru zimeenda wapi. Machifu walizoea kuitikia. Wajumbe wa aina ya Jaramogi walizoea kuuliza, na kiti cha mwenyekiti kikaanza kuwa na joto. Alitambua huko kwamba anayesimamia ushuru wa soko la Bondo ana uwezo wa kumgusa mwananchi kwa namna ambayo hotuba za Nairobi haziwezi.

Miaka ya 1950 ilimpandisha cheo cha aina nyingine. Alichaguliwa kuwa Ker, yaani kiongozi mkuu wa Luo Union, umoja uliowaleta pamoja Wajaluo wa Kenya, Uganda na Tanganyika, kuanzia Kampala hadi Mombasa. Alipoamua kujitosa katika siasa za uchaguzi aliachia cheo hicho, kwa kuwa hakuona vyema Ker kuchafuliwa na ushindani wa kura. Tangu hapo akafahamika kwa jina la Jaramogi, mtu wa Ramogi, babu wa Wajaluo.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Haikuwa kura ya kila mtu. Ulihitaji elimu, mali, mshahara au utumishi fulani ili uandikishwe, na aliyekuwa na sifa nyingi aliweza kuwa na hadi kura tatu. Mwingine mwenye akili timamu na shamba dogo hakuwa na hata moja.

Katika Nyanza ya Kati Jaramogi alipambana na Bw Benaiah Apolo Ohanga, ambaye alikuwa mjumbe wa kuteuliwa na Mwafrika wa kwanza kupewa uwaziri katika serikali ya kikoloni. Ohanga alikuwa na cheo na ukaribu na serikali, na mpinzani wake alikuwa na wanahisa wa ile kampuni, wanachama wa Luo Union na watu waliomsikia akibishana na Mkuu wa Wilaya. Waziri aliangushwa.

Pamoja na Jaramogi, walioshinda mwaka huo walikuwa Tom Mboya wa Nairobi, Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa, Ronald Ngala wa Pwani, Masinde Muliro wa Nyanza Kaskazini, Lawrence Oguda wa Nyanza Kusini, Bernard Mate wa Mkoa wa Kati na James Muimi wa Ukambani. Ukiyasoma majina hayo leo unaona karibu siasa zote za Kenya za miaka 30 iliyofuata, na miongoni mwao mtu ambaye angekuja kumtia Jaramogi kizuizini.

Mwaka uliofuata, 1958, Jaramogi alisimama barazani na kutamka kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa ndio viongozi halisi wa Waafrika. Baadhi ya wajumbe wenzake walishtuka, maana jina hilo lilikuwa mwiko. Katika miaka miwili likawa wito wa nchi nzima.

Kanu ilipoundwa mwaka wa 1960 alikuwa makamu wa rais wake chini ya James Gichuru. Chama kiliposhinda uchaguzi wa 1961, yeye na wenzake walikataa kuunda serikali Kenyatta akiwa bado kizuizini. Kadu ya Ngala ikachukua nafasi hiyo kwa msaada wa viti vya walowezi. Hakuna ushahidi kwamba Jaramogi aliwahi kujutia uamuzi huo, ingawa kuna wafuasi wake waliojuta kwa niaba yake.

Kenya ilipopata serikali ya ndani mwezi wa Juni 1963 aliteuliwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na jamhuri ilipotangazwa Desemba 1964 akawa Makamu wa Rais.

Kuna jambo moja la kipindi hicho ambalo wanaomsifu hupenda kuliruka. Katiba ya uhuru ilikuwa ya majimbo, na ilizipa tawala za mikoa mabunge yao pamoja na kinga fulani dhidi ya serikali kuu. Kanu iliipinga katiba hiyo tangu mwanzo, na Jaramogi alikuwa mstari wa mbele katika kuipinga. Majimbo yalipovunjwa mwaka wa 1964 aliona ni ushindi. Nguvu zote zilirudi kwa serikali kuu na kwa wakuu wa mikoa na wilaya, walewale ambao miaka minne baadaye wangezikataa fomu za watu wake. Haitoshi kusema kwamba alisalitiwa. Alisaidia kuijenga nyumba ambayo mlango wake ulifungwa akiwa nje.

Mgogoro wake na Kenyatta na Mboya ulihusu ardhi ya walowezi na nani aigawiwe, uhusiano na nchi za Mashariki, na bila shaka nani angerithi kiti. Kwenye mkutano wa Kanu huko Limuru mwezi wa Machi 1966, cheo chake cha makamu wa rais wa chama kilikatwa vipande vinane, kimoja kwa kila mkoa na kimoja kwa Nairobi. Mwezi uliofuata alijiuzulu serikalini na kuongoza KPU, na Bildad Kaggia akawa naibu wake.

Bunge lilibadilisha katiba kwa haraka ili kila mbunge aliyegura chama alichochaguliwa nacho arudi kwa wapigakura. Ndio uliokuwa Uchaguzi Mdogo wa Juni 1966. Viti 29 vilishindaniwa katika mabunge mawili, na KPU ikapata tisa. Kwa jumla ya kura ilikitangulia Kanu, lakini kura hizo zililundikana Nyanza ya Kati, ambako Jaramogi mwenyewe alirejea Bungeni kwa kishindo kupitia Bondo. Kaggia aliangushwa Kandara.

Watawala walisoma matokeo hayo kwa makini. Bungeni KPU haikuwa tishio, kwa kuwa wabunge tisa hawawezi kuangusha serikali. Hatari ilikuwa mashinani. Chama kilichopata kura nyingi kiasi hicho kwa maandalizi ya wiki chache kingeweza, kikipewa muda, kutwaa mabaraza ya Nyanza na kugawana viti katika miji mingine.

Mabaraza ya wakati huo hayakuwa ya kudharauliwa. Shule za msingi, zahanati na barabara nyingi za vijijini zilikuwa mikononi mwa mabaraza ya wilaya. Baraza ndilo lililoajiri, lililotoza ushuru na lililotoa leseni za biashara ndogo. Kama KPU ingeshika baraza la wilaya, ingekuwa na kazi za kugawa na barabara za kuonyesha, na ingemthibitishia mwananchi kwamba upinzani unaweza kutawala.

Hivyo chama kilianza kubanwa mapema. Kikiomba leseni za mikutano kinanyimwa. Matawi yake yalicheleweshewa usajili au kukataliwa kabisa, na sheria mpya ya vyama ya 1968 iliimarisha mamlaka hayo. Baadhi ya maafisa wake walikuwa wametiwa kizuizini bila kushtakiwa tangu 1966. Kaggia alihukumiwa kifungo kwa kuhutubia mkutano usio na leseni. Wafanyabiashara walioonekana na Jaramogi waliona mikopo yao ikikauka.

Katika hali hiyo, kupata watu 1,800 walio tayari kuandika majina yao kwenye fomu za upinzani si jambo dogo. Kila mmoja wao alijua kwamba karatasi hiyo itafika kwenye meza ya afisa wa utawala, na kwamba afisa huyo huyo ndiye anayeweza kumnyima leseni ya duka au barua ya mwanawe kwenda shule. Wengi walikuwa walimu, wakulima, wachuuzi na wazee wa vijiji. Historia haikuhifadhi majina yao kwa pamoja.

Kisha ikaja siku ya uteuzi. Inawezekana kabisa kuwa fomu kadhaa zilikuwa na makosa. Wawaniaji wengine walikuwa na elimu haba, na maagizo ya uteuzi ni mambo yanayowachanganya hata waliosoma. Lakini kwamba fomu za KPU zilikuwa na makosa kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, katika kila wilaya na mbele ya kila msimamizi, ilhali wale wa Kanu hawakukosea hata mmoja, ni hesabu ambayo haikumdanganya mtu yeyote wakati ule, na hata wana-Kanu wenyewe hawakujitahidi sana kuitetea.

Wawaniaji wa Kanu walipita bila kupingwa na KPU. Kwa wakazi wa Nyanza ya Kati, iliyokuwa karibu wakati huo huo ikigawanywa kuwa wilaya za Kisumu na Siaya, maana yake ilikuwa kwamba baraza lililoamua kuhusu shule na zahanati zao liliketi bila ridhaa yao. Walilipa ushuru kwa watu waliowakataa miaka miwili tu iliyokuwa imepita.

Jaramogi alilalamika Bungeni na nje ya Bunge. Hakuwa na silaha nyingine. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amechapisha kitabu chake cha maisha kwa Kiingereza, Not Yet Uhuru, ambacho jina lake pekee lilitosha kueleza hoja yake: kwamba uhuru uliopatikana ulikuwa bado haujamfikia mwananchi. Matukio ya Agosti 1968 yalikipa kitabu hicho sura ambayo mwandishi hakuwa ameiandika.

Tukio hilo lilikuwa na athari ambayo huenda serikali haikuipima. Kwa miaka miwili KPU ilikuwa imewaambia wafuasi wake wavumilie, kwamba debe litasema. Baada ya Agosti 1968 viongozi wake hawakuwa na jibu kwa kijana wa Kisumu aliyeuliza debe lenyewe liko wapi. Hasira iliyokosa sanduku la kura ikaanza kutafuta barabara.

Lakini debe lilipofunguliwa japo mara moja lilizungumza. Mbunge wa Gem, Bw Argwings-Kodhek, alifariki Januari 1969, na katika uchaguzi mdogo wa mwezi wa Mei mwaka huo Wasonga Sijeyo wa KPU alimshinda mwaniaji wa Kanu. Fomu ya Sijeyo haikupatikana na dosari. Kanu sasa ilijua kwa hakika yale ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa ikiyakisia.

Yaliyofuata yanafahamika zaidi. Mboya aliuawa kwa risasi Nairobi Julai 5, 1969. Uhasama kati ya Mboya na Jaramogi ulizikwa pamoja naye, na Nyanza ikasimama upande mmoja. Oktoba 25 Mzee Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, na ambayo wenyeji bado huiita Russia. Umati ulizomea, maneno makali yakatupwa kati ya Rais na Jaramogi hadharani, na polisi wakafyatua risasi msafara ulipokuwa ukiondoka. Serikali ilitangaza kuwa watu 11 walikufa. Wenyeji wameshikilia siku zote kwamba idadi hiyo ilikuwa ndogo mno.

Siku mbili baadaye Jaramogi alikamatwa, na mwisho wa mwezi KPU ikapigwa marufuku. Desemba mwaka huo Wakenya walipiga kura chini ya chama kimoja. Wabunge wengi waliokuwamo waliangushwa, na mjini Kisumu Bi Grace Onyango, aliyekuwa amewahi kuwa meya wa mji huo, alichaguliwa kuwa mbunge.

Mwaka huo huo wa 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuhamisha majukumu ya mabaraza. Kuanzia Januari 1970 shule za msingi, afya na barabara za vijijini ziliondolewa mikononi mwa mabaraza ya wilaya na kupewa wizara za Nairobi. Ni miji michache mikubwa tu iliyoachiwa majukumu hayo. Sababu iliyotolewa ilikuwa uhaba wa fedha na usimamizi mbaya, na ni kweli kuwa mabaraza mengi yalikuwa na madeni. Lakini tangu siku hiyo diwani wa kijijini alibaki na soko, kichinjio na ada ya kuegesha baiskeli. Walioingia bila kupingwa mwaka wa 1968 hawakukaa sana na kitu walichopewa.

Jaramogi aliachiliwa Machi 1971 akarudi Kanu, lakini milango ya uchaguzi haikufunguka. Alizuiwa kugombea mwaka wa 1974. Alizuiwa tena mwaka wa 1979, wakati Kenyatta alikuwa ameshafariki na Moi ndiye Rais. Moi alimpa uenyekiti wa bodi ya pamba, akaushika kwa bidii kwa kuwa pamba ilikuwa zao la watu wake. Mwaka wa 1981 alitoa matamshi makali kuhusu Kenyatta na ardhi, na njia ya kurudi Bungeni kupitia Bondo ikazibwa kwa mara nyingine.

Mei 1982 alifukuzwa Kanu baada ya kujaribu, pamoja na George Anyona, kuanzisha chama kipya. Mwezi mmoja baadaye katiba ikabadilishwa na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo lilipozimwa, mzee huyo aliyekuwa amepita umri wa miaka 70 aliwekwa katika kizuizi cha nyumbani mjini Kisumu.

Uzee haukumtuliza. Mwaka wa 1991 alijaribu kusajili chama kingine na kukataliwa, kisha akawa miongoni mwa viongozi sita waliotangaza Ford kama vuguvugu, kwa kuwa sheria ya vyama iliwabana watu zaidi ya idadi fulani. Kufikia Desemba mwaka huo Moi alikubali kufuta kifungu cha 2A. Ford ikagawanyika kabla ya uchaguzi, jambo ambalo Jaramogi na Kenneth Matiba wote wana lawama nalo.

Desemba 29, 1992, Wakenya walipiga kura ya urais, ubunge na udiwani siku moja. Jaramogi alikuwa wa nne katika kinyang'anyiro cha urais, na Ford-Kenya ikapata viti 31 vya ubunge. Magazeti yalijaa habari za ushindi wa Moi. Matokeo ya udiwani yaliandikwa kwa herufi ndogo, kama ilivyo desturi, lakini katika wilaya za Kisumu na Siaya chama cha Jaramogi kilitwaa viti vya mabaraza kwa wingi. Miaka 24 baada ya zile fomu 1,800 kukataliwa, madiwani wa upinzani waliapishwa katika kumbi zile zile.

Mwaka wake wa mwisho ulikuwa na doa. Alianza kushirikiana na serikali ya Moi, akisema ni kwa manufaa ya maendeleo, na mwaka wa 1993 alikiri kupokea Sh2 milioni kutoka kwa mfanyabiashara aliyehusishwa na sakata ya Goldenberg. Baadhi ya vijana wasomi waliokuwa nguzo za chama chake walimtoroka. Wafuasi wa kawaida walimsamehe, au walikataa kusikia.

Alifariki Januari 20, 1994, akazikwa nyumbani kwake Nyamira Kang'o mbele ya umati mkubwa. Kiti cha Bondo kilipotangazwa kuwa wazi, mwanawe Oburu Oginga aliwasilisha fomu zake za uteuzi, zikakubaliwa, na akashinda.